Daftari la Kelele

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi aliingia chumba cha vipimo bila kubisha, na vile viatu vyake vinavyolia, akaharibu kipimo kilichokuwa kimebakiza dakika mbili kwisha. Hakuomba radhi. Alimsubiri mjomba wangu ainuke mezani, atoke kwenda kunywa maji. Alisimama nyuma yangu, akaitazama skrini, akanyoosha kidole kwenye kinundu kilichokuwa upande wa kushoto wa mstari wa kipimo.

"Bado kipo," alisema.

"Bado kipo."

"Wiki ya tatu sasa."

Nilijua ni wiki ya tatu. Nilijua mpaka saa zake. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi, na kwa wiki tatu hizo nilikuwa nakula kwa sababu muda wa kula umefika, si kwa sababu ya njaa. Mbele ya Mkurugenzi nilijikaza kisabuni.

"Ijumaa mkaguzi wa mteja anakuja," alisema. "Bodi kumi na mbili. Zikiwa safi, tumepona. Zikiwa na huyu," akakigonga kinundu kwa ukucha, "basi Jumatatu natafuta fundi mwingine wa kulehemu. Mikono ya mjomba wako imechoka. Kila mtu anaona inavyotetemeka. Wewe tu ndiye hutaki kuona."

Akaondoka, viatu vikilia mpaka mwisho wa korido.

Nilikuwa nimeona. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniuma. Nilikuwa nimeona vikombe vinavyomwagika chai na funguo zisizoingia kwenye kitasa mara ya kwanza, nikawa najiambia kwamba chuma cha kulehemu kikishagusa bodi mikono ile hutulia kabisa. Na kweli ilikuwa inatulia. Ila usiku, nikiwa nimelala, nilikuwa sina hakika tena.

Sisi tunatengeneza oskileta. Ukitaka kuielewa kazi hii bila hesabu zake, mfikirie mtu anayepiga makofi mara milioni kumi kwa sekunde, mchana na usiku, bila kupumzika. Ndani yake kuna kipande chembamba cha fuwele kinachotetemeka na saketi ndogo inayokisukuma kisichoke. Kila redio ina kitu hicho, kila simu, kila rada. Kupiga makofi si shida. Shida ni kuyapiga sawasawa. Kofi moja linawahi kidogo, jingine linachelewa kidogo, na huko kuwahi na kuchelewa ndiko tunakokuita kelele, ingawa hakuna sikio la binadamu linaloweza kukusikia.

Mteja wetu alikuwa anajenga rada ya kutazama mlima ulio juu ya mji, iwaambie watu mapema udongo ukianza kuteleza. Udongo huanza polepole sana. Kama oskileta nayo inayumba polepole, mara moja kwa sekunde hivi, rada itashindwa kujua ni mlima unaosogea au ni yenyewe inayoyumba. Kinundu chetu kilikuwa hapo hapo, pahali pabaya kuliko pote.

Usanifu ulikuwa wangu. Mikono ilikuwa ya mjomba.

Ni kaka wa mama, amemzidi miaka mitano. Kazini wote humwita Mjomba, kuanzia Mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, lakini mpwa wa damu ni mimi peke yangu. Nilikuwa na miaka tisa aliponishikisha chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza, juu ya meza ya jikoni, mama akipiga kelele kuhusu kitambaa chake. Kisha nikaenda kusoma, nikasoma mpaka nikapitiliza, nikarudi kuwa mkubwa wake wa kazi. Kwenye karatasi mimi ndiye ninayempa amri. Kwenye maisha, akiingia chumbani ninasimama. Tangu mkewe afariki anakaa chumba cha uani kwa mama, na kinachomtoa kitandani kila siku ni ile meza ya chuma na kigoda chake. Mkurugenzi angemwondoa pale, mjomba asingekuwa amemwaga unga tu. Sijui angebaki na nini.

Na alikuwa na daftari lake.

Daftari la Kelele lilianza miaka ishirini na sita iliyopita, na sasa lilikuwa la nne. Kila kelele inayoonekana kwenye kipimo huandikwa: tarehe, umbo, kiwango, na safu ya mwisho imeandikwa Chanzo. Safu hiyo haiachwi wazi. Hata ikichukua mwezi, mtu atatafuta mpaka apate jina la kuweka. Ukifungua kurasa za zamani utacheka. Chanzo: friji ya chumba cha chai. Chanzo: lifti ya jengo la jirani. Chanzo: Mkurugenzi, viatu. Kuna moja ya mwaka wangu wa kwanza kazini, kwa mwandiko wake ulionyooka: Chanzo: mpwa wangu, simu mfukoni. Nilinuna siku mbili. Hakuifuta, kwa sababu daftarini hakifutwi kitu.

Sasa mstari wa mwisho wa ukurasa ulikuwa na tarehe, umbo na kiwango, na safu ya Chanzo ilikuwa nyeupe kwa wiki tatu. Kila asubuhi alikuwa analifungua, analitazama pengo lile, analifunga.

Jumanne alipotoka kwenda kula, nilifanya jambo ambalo mpaka leo naona haya kulieleza. Nilifunga mlango kwa ufunguo, nikaichukua bodi namba saba, nikaiweka chini ya hadubini, nikaanza kukagua viungo vya mjomba wangu kimoja kimoja kama polisi anayepekua mifuko. Nilikuwa natafuta risasi ya kulehemu iliyopasuka, iliyopoa vibaya, iliyotetemeshwa. Nilikuwa nasikiliza kila hatua koridoni.

Sikuona kosa lolote. Viungo vilikuwa laini, vinang'aa, vyote vya ukubwa mmoja. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nilijiambia labda kosa limejificha ndani, nikawasha chuma, nikaviyeyusha viungo viwili upya kwa mkono wangu.

Alirudi, akaketi, akaichukua ile bodi, akaigeuza kwenye mwanga. Haikufika hata dakika.

"Nani kaigusa hii?"

Ningeweza kudanganya. Tulikuwa wawili tu mle chumbani. "Mimi, mjomba."

"Hivi viwili ni vyako." Akavionyesha kwa ncha ya koleo. Havikuhitaji kuonyeshwa, vilikuwa kama matone ya uji. "Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilikuwa nahakikisha tu."

"Unahakikisha." Akaiweka bodi chini taratibu. "Mkurugenzi kakwambia kuhusu mikono yangu."

Nilizima taa ya hadubini.

"Mimi mwenyewe naiona, mpwa wangu. Ni yangu. Ungeniuliza tu, ningekwambia siku ikinishinda." Kisha akawasha chuma, akavitengeneza vile viungo viwili, na mkono haukucheza hata kidogo. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Jumatano mama alinipigia kabla sijatoka nyumbani.

"Huyo kaka yangu mnamfanyisha kazi gani huko?" alianza, bila salamu. "Ngazi nane tu za kibarazani anapumzika mara mbili. Na usiku analalia mito mitatu, karibu anakaa. Nikimuuliza, ati mgongo."

"Mama, ana mawazo. Ijumaa ikipita atakuwa sawa."

"Na wewe?"

"Mimi pia."

"Haya. Mtazame vizuri lakini."

Nikasema nitamtazama. Nilikuwa natafuta viatu huku nikiwaza kinundu, na maneno ya mama yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Siku hiyo mjomba alichelewa, jambo ambalo si kawaida yake, nikaanza kupima peke yangu. Kupima kelele za polepole ni adhabu. Unazima feni, unazima kiyoyozi, unafunga mlango, na kwa dakika ishirini na moja hakuna anayetembea wala kukohoa. Mimi huwa nakaa kwenye kompyuta, upande wa pili wa chumba, miguu nimeipandisha juu ya kigoda isiguse sakafu. Niliipima bodi namba saba. Mstari ulitoka safi, umenyooka, bila kinundu.

Nilipiga ukelele kama mtoto. Alipofika nilimwonyesha, akavua koti, akasema, "Turudie."

Namna yake ya kupima ilikuwa moja siku zote. Macho hayaoni mbali na mgongo unamsumbua, kwa hiyo anavuta kigoda mpaka kifua kiguse meza, anaegemeza viwiko juu ya chuma, anashika tama, na hapo hasogei mpaka mwisho. Tukarudia. Dakika ishirini na moja. Kinundu kikarudi mahali pake.

Bodi ile ile, meza ile ile. Kilichozidi ni yeye tu.

Mkurugenzi asijue, hilo ndilo lilikuwa wazo langu la kwanza. La pili lilikuwa kwamba lazima kuna kitu amevaa.

"Mjomba, vua saa."

Akavua saa. Tukapima. Kinundu.

"Funguo. Simu. Mkanda."

"Mkanda pia? Suruali hii hainipendi kama zamani, itanikimbia."

"Utaishika."

Tukapima, yeye akiwa ameegemea meza na suruali ameifunga kwa waya. Kinundu.

"Labda meno," alisema. "Mawili si yangu."

Nilicheka, lakini cheko lilitoka vibaya, karibu na kulia. Alinitazama juu ya miwani. "Tulia," alisema. "Kelele haina hila. Iko mahali fulani, inafanya kazi yake. Ni sisi ndio hatujafika." Aliinuka kwenda kunywa maji na nikamwona akishika ukingo wa meza kidogo kabla ya kupiga hatua. Niliona, nikaendelea kuwaza waya.

Alhamisi ilibaki siku moja. Nilikuwa nimekaa nikichezea penseli, nikiigongagonga kwenye meza ya chuma, mjomba akiwa amewasha kifaa kwa hali yake nyingine, ile inayoonyesha oskileta inavyoyumba papo hapo, kama mstari unaotembea skrini nzima kutoka kushoto kwenda kulia.

"Acha hapo," alisema ghafla. "Gonga tena."

Nikagonga. Mstari ukaruka. Nikagonga mara mbili. Ukaruka mara mbili.

Tulitazamana. Nilisogea kwenye bodi, nikaanza kugusa kila kipande kwa upande wa kifutio, kwa upole kabisa. Fuwele, ikacheza kidogo tu. Transista, kimya. Koili, kimya. Kisha nikagusa kapasita ndogo ya kauri, ndogo kama punje ya mchele, iliyokaa kwenye njia inayoirekebisha fuwele, na mstari ukaruka mpaka ukatoka nje ya skrini.

Nikaketi.

Kapasita za kauri za aina ile ukizibonyeza zinatoa umeme kidogo. Ni kama maikrofoni. Kila mwanafunzi wa fani yetu hufundishwa hilo, na mimi mwenyewe nimewahi kulifundisha darasani kwa majigambo. Niliichagua kwa sababu ilikuwa ndogo na bodi ilikuwa imebana. Mwaka mzima wa usanifu, halafu mahali pale pale ambapo saketi haipaswi kusikia chochote nikaipachikia sikio. Na kwa wiki tatu nilimwacha mtu mwingine abebe lawama.

"Ni mimi," nilisema. "Mjomba, ni mimi. Mikono yako haina kosa."

"Nilikuwa najua haina kosa," alisema, lakini mabega yake yalishuka kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa anajua.

Nilitoa ile ya kauri, nikamtafutia ya plastiki, kubwa, ikakaa upande upande kama mgeni kwenye kiti kidogo. Akailehemu. Tukapima, yeye ameegemea vilevile, viwiko mezani. Dakika ishirini na moja nilikuwa nang'ata kucha. Mstari ulitoka safi. Nilimkumbatia, nikacheka, nikasema nakwenda kumwambia Mkurugenzi sasa hivi, uso kwa uso.

"Subiri," alisema mjomba. Alikuwa amelifungua daftari. "Tunaandika nini hapa?"

"Chanzo: kapasita ya kauri. Kosa la msanifu. Andika kwa herufi kubwa, sitanuna."

Hakuandika. Alikuwa anaigongagonga kalamu kwenye kidevu.

"Kapasita ilikuwa inasikia," alisema. "Nani alikuwa anasema?"

"Mjomba, kesho mkaguzi anakuja. Bodi kumi na moja bado."

"Kitu kinagonga meza mara moja kwa sekunde, wiki tatu, na kwenye daftari tuandike sikio? Rudisha bodi ambayo haijarekebishwa."

Ukishajua kwamba mtu hatakuachia, ni haraka zaidi kumtii. Nilichukua bodi ya akiba, ya kumi na tatu, bado ina kapasita ya kauri, nikaiunganisha, nikaiweka skrini kwenye ule mstari unaotembea. Akaegemea kama kawaida. Mstari ukaanza kurukaruka, miruko midogo midogo.

"Inua viwiko," nilisema.

Akainua. Mstari ukalala.

"Rudisha."

Ukaanza tena. Tulielewa kwa pamoja, naye ndiye aliyecheka kwanza, cheko la kutoka tumboni ambalo sikuwa nimelisikia tangu mazishi ya mkewe.

"Moyo!" alisema. "Wiki tatu tunaufukuza moyo wangu! Mpwa wangu, umetengeneza kitu kinachosikia moyo kupitia viwiko na meza ya chuma, halafu unalia!"

Nami nilicheka. Nilicheka kweli, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeeleweka, saa aliyovua, mkanda, suruali ya waya. "Ngoja nijaribu wangu," nilisema. Akanipisha, nikaegemeza viwiko.

Wangu ulikuwa unakwenda haraka, wasiwasi wangu wote uko pale kwenye skrini mtu yeyote ausome, lakini ulikwenda sawasawa. Ruka, ruka, ruka, ruka. Nafasi moja kati ya mmoja na mwingine.

"Haya, na mimi tena," alisema mjomba, akaegemea huku akitabasamu.

Ruka. Ruka. Kisha kimya. Kisha miruko mitatu ya haraka imebanana. Ruka. Kimya. Nikaanza kuhesabu kwa kawaida ya kazi, moja, mbili, na kufika tatu ndipo mruko mwingine ukaja. Kazi yangu ni kutazama vitu vinavyowahi na kuchelewa. Sijawahi kuona oskileta mbaya kama ile.

Nilijua nimeacha kucheka kwa sababu chumba kilikuwa kimya sana. Ngazi nane, mara mbili. Mito mitatu. Mkono kwenye ukingo wa meza.

"Mjomba, tangu lini?"

Naye alikuwa ameutazama mstari. Hakuna haja ya kumweleza mtu huyu maana ya mstari. "Kuna siku macho yanaingia giza kidogo," alisema. "Yanarudi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua." Akainua viwiko, na mstari ukalala, na mimi nikaruka mwili mzima kwa kuuona umelala. "Usiniangalie hivyo. Tumalize Ijumaa. Bodi kumi na moja, nani atazilehemu, wewe? Na matone yako ya uji? Nikienda leo hospitali hawataniachia, na huyu mwenye viatu atasikia, na Jumatatu kuna mtu kwenye kigoda changu. Nakuomba." Akanisukumia daftari na kalamu. "Andika kapasita. Kapasita ni kweli. Si uongo."

Miaka ishirini na sita hakuwahi kumwomba mtu aandike nusu.

Sijawahi kumkatalia mjomba jambo lolote. Nilipokuwa na miaka tisa akiniambia shika hapa, nilishika hata pakichoma. Niliichukua kalamu, na safari hii mkono uliotetemeka ulikuwa wangu. Nilikuwa naogopa kumvunjia heshima, na nilikuwa naogopa kuwa sababu ya yeye kukipoteza kigoda kile nilichohangaika wiki tatu kukilinda. Lakini kulikuwa na ile hesabu. Moja, mbili, tatu. Niliogopa kwamba siku moja nitafika nne, tano, na kuendelea.

Niliandika: Chanzo: moyo wa mjomba. Haupigi sawasawa.

Nikamgeuzia daftari. Alilisoma. Alilisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe, na nilikuwa tayari kwa hasira, hata kwa kofi. Daftarini hakifutwi kitu, na yeye ndiye aliyeiweka sheria hiyo.

"Hukuandika nafasi," alisema mwishowe. "Kubwa kuliko zote ni ngapi?"

"Sekunde tatu na nusu."

"Basi andika. Mtu akisoma baadaye atajuaje?"

Nikaandika sekunde tatu na nusu, machozi yakidondokea safu ya Kiwango. Yeye alikwenda kuchukua koti.

Hospitali daktari alikuwa msichana mdogo, mdogo kuliko mimi, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Nilimpa karatasi niliyoichapisha kutoka kwenye mashine yetu. Aliishika wima, akaishika kwa ubavu.

"Hii imepimwa wapi?"

"Kazini. Mezani."

"Kwa kifaa gani?"

"Kapasita mbaya," alisema mjomba.

Daktari alimtazama, akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake, akatazama saa ya ukutani, akatazama tena karatasi. Kisha akainuka na kuita watu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile sauti ya kawaida ambayo madaktari huitumia wakitaka usikimbie. Walimlaza saa hiyo hiyo. Koridoni mama alikuja na kanga mbili, hakuniuliza kitu, akanishika mkono na kuubana mpaka ukaniuma, na nilikuwa nastahili.

Ijumaa tangu alfajiri nilibadilisha kapasita kumi na moja kwa mkono wangu. Mkurugenzi alipokuja nilimwambia kila kitu, kwamba kosa lilikuwa la usanifu, kwamba mikono ya Mjomba ilikuwa sawa tangu mwanzo na mimi ndiye niliyekaa kimya. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Alilisoma daftari akiwa amesimama, akaukuta mstari wa miaka ile wa viatu, akaukuta na wa jana. Kisha akavua viatu, akakaa nje ya mlango na soksi mpaka vipimo vyote vikaisha. Mkaguzi alizipokea bodi zote kumi na mbili. Sikusikia furaha. Chumba kilikuwa kimya, mistari ilikuwa safi, na kila nilipoutazama ule usafi nilikuwa nauogopa.

Walimwekea kifaa kifuani, kidogo kama kisanduku cha kiberiti, cha kuusukuma moyo unapochelewa. Siku ya tatu niliruhusiwa kukaa naye.

"Ndani yake kuna oskileta," alininong'oneza, kana kwamba ni siri ya wakubwa. "Nimemuuliza daktari kelele zake zikoje, hajui. Hajui! Kitu kakiweka kifuani kwa mtu!"

"Mjomba, lala."

"Nani kalehemu zile kumi na moja?"

"Mimi."

Akafumba macho kwa uchungu wa dhahiri. "Nitakuja kuzitazama."

Alirudi baada ya wiki sita, nusu siku, kigoda kile kile. Mkurugenzi alikuwa amekifunga kamba na kukibandika karatasi, asikikalie mtu. Ile bodi ya akiba, yenye kapasita ya kauri, sikuitupa. Niliificha isiingie kwenye hesabu za mteja, nikaifunga chini ya ukingo wa meza kwa skrubu mbili. Kila asubuhi, kabla hatujawasha kitu kingine chochote, mjomba anaegemeza viwiko na mimi nautazama mstari kwa dakika moja. Ruka, ruka, ruka, ruka. Anasema amegeuka saa ya ukutani. Anasema nikimaliza nimwambie, ana kazi.

Asubuhi moja ya wiki iliyopita, katikati ya hiyo dakika, mstari ulilala.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nilipiga yowe lililoleta watu kutoka chumba cha chai, nikapindua kigoda, nikamrukia na kumshika kifua kwa mikono yote miwili.

Alikuwa ameinua viwiko ajikune sikio.

Alisubiri mpaka watu wakaondoka na pumzi zangu zikarudi. Kisha akalivuta daftari, akaandika tarehe, na kwa ule mwandiko wake ulionyooka akajaza safu moja baada ya nyingine. Umbo: ya ghafla, mara moja. Kiwango: kikubwa kuliko vyote mpaka leo. Chanzo: mpwa wangu.

Halafu akarudisha viwiko mezani, nami nikaanza kuhesabu upya.